Kiti cha Nyuma ya Dirisha

Katika mji ule siku haikuhesabiwa kwa jua. Jua lilikuwapo, kali kama kawaida yake, lakini hakuna aliyelitegemea. Siku ilihesabiwa kwa hatua za foleni. Foleni ikisogea mtu mmoja, watu walisema kumekucha, wakaamkiana. Isiposogea walisema bado usiku, wakasinzia wamesimama, hata kama vivuli vyao vilikuwa vimejikunja miguuni. Ndiyo maana ukimuuliza mtu wa mji ule umri wake, alikutajia watu. "Nina watu elfu ishirini," alikuambia, nawe ukamtazama mvi ukaona kweli, huyu ni mtu mzima.

Foleni yenyewe ilikuwa ya vibali. Ukitaka kuimba, kibali. Ukitaka kubadili rangi ya mlango wako, kupiga mluzi njiani, kumpa mtoto jina ambalo halijapata kuwapo, vyote vibali. Karatasi uliiandika mwenyewe, ukajipanga, ukangoja kuigongesha muhuri dirishani. Dirisha lilikuwa moja, nyuma ya kona ya jengo refu lenye rangi ya chai iliyopoa, na hukuliona mpaka uikate ile kona. Waliogongewa walitokea mlango wa nyuma wakaenda zao. Ukikutana nao sokoni ukawauliza wamekuta nini, walikuzungumzia nazi zilivyoadimika mwaka huu.

Lukindo naye alikuwa kwenye foleni ile, lakini kinyumenyume.

Msimcheke kwanza. Alikuwa mwandishi wa gazeti la mji, mwenye safu yake iliyoitwa "Kila Mtu na Lake", na safu hiyo ilikuwa na wasomaji tangu nywele zake zikiwa nyeusi ti. Aliandika siasa, lakini aliiingilia kwa mlango wa uani. Akiandika juu ya mtindo mpya wa kunyoa, ujue anaandika juu ya katiba. Akisimulia filamu ya ngumi aliyoiona kibandani, ujue kuna waziri anayepigwa humo. Nyimbo, vikaragosi, watangazaji wa mpira, misemo ya kanga, vyote vilikuwa kuni zake, na chungu kilichopikiwa juu yake kilikuwa kimoja tu, kwamba mtu ni wake mwenyewe, na hapewi ruhusa ya kilicho chake. Sentensi hiyo aliirudia hata mhariri wake akawa anaikata kwa huruma, akijua itarudi wiki ijayo imevaa nguo nyingine. Na hakuwa mtu wa maneno tu. Hata mchango wa msiba wa jirani aliutoa baada ya kueleza mbele za watu kwamba halazimishwi, mpaka wafiwa wakatamani angebaki na mchango wake.

Sasa mtu kama huyo anatafuta nini kwenye foleni ya vibali? Jibu ni rahisi, na linauma. Tangu ujana wake mtambo wa kuchapia gazeti ulikuwa umeacha kuchapa karatasi isiyo na muhuri, na safu yake ikawa inasomwa kwa nakala za mkono tu. Wachapaji walikuwa na watoto. Kwa hiyo Lukindo alijipanga kama wengine na makala yake mkononi, ila kwa kupinga aligeuka akalipa dirisha mgongo. Wenzake walitazama visogo vya walio mbele. Yeye alitazama nyuso za walio nyuma, akawa anasogea kwa visigino hatua kwa hatua. "Siwezi kumpa Mkubwa uso wangu," alisema. "Mgongo unamtosha."

Mkubwa alikuwa yule anayekaa nyuma ya dirisha. Hakuna aliyemwona, lakini wote walimjua, kwa sababu Lukindo aliwachorea. Makala baada ya makala alimpa tumbo lililolala mapajani, jino la dhahabu upande wa kushoto, dole gumba lililokolea wino, na kikombe cha chai ambacho hakikupoa kwa sababu kilipashwa moto na pumzi za wanaongoja. Kina mama waliwatishia watoto kwa jina lake. Lukindo mwenyewe alikuwa na sentensi moja aliyomwandalia, ya kumwambia ana kwa ana siku watakapokutana. Aliinoa kila siku. Kuna watu wanaishi kwa dawa; yeye aliishi kwa sentensi ile.

Kwa kuwa aligeukia nyuma, uso aliouona miaka yote ulikuwa wa Bi Mwanakheri.

Bi Mwanakheri alikuwa mwimbaji. Nani asiyemjua? Ndiye aliyeimba kwenye ufunguzi wa mabomba na harusi za wakubwa. Aliwahi kulisifu daraja ambalo halikujengwa, na watu wakaapa wamelivuka. Nyimbo hizo hazikupita kwenye foleni. Zililetwa nyumbani kwake zimekwisha kugongwa muhuri, yeye akaongeza sauti tu. Lakini sasa alikuwa na wimbo wake mwenyewe, wa kwanza katika maisha yake, na huo ulihitaji kibali.

Ulikuwa juu ya mama yake. Bi Mwanakheri alitoroka na kikundi cha taarabu akiwa msichana, na mama yake tangu usiku huo hakufunga tena mlango wa nyumba. Wezi waliingia mara tatu, wakachukua hata sufuria, na mlango haukufungwa. Majirani walimsema, wakamwita chizi, na mlango haukufungwa. Mtoto alirudi baada ya miaka kumi na mmoja, akakuta mlango wazi na kitanda kitupu. Kilichompeleka foleni kilikuwa hicho tu. Alitaka kuuimba wimbo ule ukumbini mara moja, na fidla na udi na dumbaki, mbele ya watu, kwa sababu mama yake aliaibishwa mbele ya watu. Na alikuwa na haraka. Daktari alimwambia ana uvimbe kooni. Roho inaweza kubaki, sauti haitabaki.

"Shikamoo, dada," Lukindo alimwamkia kila foleni iliposogea.

"Marahaba, mdogo wangu," alijibu, na kila siku jibu lilikuwa limepungua kidogo, kama sabuni ya mche inayotumiwa na watu wengi.

Alimpa karatasi aisome. Beti zilikuwa nne, nayo ya kwanza ilikuwa hii:

Mama hukufunga lango, ukingoja nitokee,
Nilikwenda kwa maringo, narejea, nipokee.

Lukindo alisoma akafuta miwani. Alikuwa amesikia nyimbo nyingi, akazichambua, akazitafutia serikali ndani yake kama mtu anayetafuta mawe kwenye mchele. Huu haukuwa na serikali hata punje. Hilo ndilo lililompasua moyo, kwamba kitu kisicho na habari kabisa na watawala kimesimama juani kikiwangoja. Papo hapo alichana makala aliyokuja nayo, akaanza nyingine juu ya goti lake. Akamuuliza Bi Mwanakheri jina la mama yake, rangi ya mlango, wezi walichukua nini mara ya pili. Alinukuu beti zote nne. Akaipa kichwa "Mwacheni Aimbe", na watu mia tatu baadaye ilipokamilika alijua kwamba hajapata kuandika kitu kizuri kama kile, wala hataandika tena.

Alimsomea. Bi Mwanakheri alilia kimya, akamshika mkono. "Ukifika wewe pale," alimnong'oneza, "na mimi nimefika."

Ndivyo walivyoikata kona, yeye akitangulia kwa mgongo.

*

Sauti iliyomwita dirishani ilikuwa ya mtu anayetabasamu. Lukindo akavuta pumzi, akaipanga sentensi yake mdomoni, akageuka kwa mara ya kwanza tangu ujana wake. Nyuma ya dirisha hakukuwa na tumbo wala jino la dhahabu. Alikuwamo Pazi, kinyozi, mtu aliyekuwa amesimama mbele yake foleni nzima, ambaye Lukindo alimjua kwa kukohoa tu. Pazi alikuwa amevaa koti la kaki lililomzidi mabega. Alichukua makala akaigonga muhuri bila hata kuitupia jicho.

"Mkubwa yuko wapi?" Lukindo aliuliza.

Pazi alianza kulivua koti. Akamweleza harakaharaka, kama mtu anayechelewa basi, kwamba yeye alikuja kuombea mtindo wa nywele ambao kwa sasa walioutaka wote wameota vipara, na kwamba alipofika alimkuta ndani yule mama muuza ubuyu aliyekuwa mbele yake, ambaye naye alimkuta aliyekuwa mbele yake. Ukigongewa, unaingia ndani unamgongea wa nyuma yako, unatoka. Ndiyo desturi. Hakuna aliyeianzisha, au aliyeianzisha alitoka zamani.

"Gonga upesi utoke, ndugu yangu," Pazi alisema, akimwekea koti mkononi. "Usisome. Ukisoma utakaa."

Akatokea mlango wa nyuma. Nina hakika alipofika sokoni alizungumzia nazi.

Lukindo alibaki na koti mkononi ndani ya chumba kisichozidi choo kwa ukubwa. Palikuwa na kiti, meza, kikombe cha chai ambayo bado ilikuwa ya moto, na muhuri mmoja wenye neno moja, IMERUHUSIWA. Ukutani palikuwa na ubao wenye masharti mawili yaliyoandikwa kwa mkono wa mtu asiye na haraka. Karatasi isiyogongwa imekataliwa, mwenyewe arudi mwisho wa foleni. Aliyeketi haondoki mpaka agonge.

Hakuna mtu. Hakupata kuwapo mtu. Sentensi yake ilikuwa bado mdomoni na haikuwa na pa kwenda. Nani alikuwamo? Aliyekuwa mbele yangu. Na kabla yake? Aliyekuwa mbele yake. Basi nani alimpa ruhusa wa kwanza aliyetoa ruhusa? Au alijiketia tu, miguu ikiuma, akakuta mbele yake kuna mtu anainamisha kichwa? Miaka yote nimempigia kelele nani? Lile tumbo lilikuwa la nani? Nimekitukana kiti. Kiti kimenyamaza kwa sababu ni kiti. Na hawa wote walioingia humu wakatoka, kila mmoja alijua, kila mmoja alikuwa Mkubwa kwa muda wa kumeza mate, akaona haya, akafunga mdomo. Angekuwapo mwovu ningemshukuru. Mwovu ana uso, mtu anaweza kuugeuzia mgongo.

Alilitundika koti. Hilo hatalivaa, alijiapiza. Muhuri hataugusa. Lakini miguu yake ilikuwa imesimama umri mzima, ikamwomba kitu kimoja tu, naye akaona hakuna dhambi. Akaketi. Kiti kilikuwa na joto.

Bi Mwanakheri alisukuma karatasi yake chini ya kioo. Uso wake ulikuwa umechangamka kama wa msichana anayeitwa jina lake mkutanoni.

Lukindo aliisoma, ingawa aliijua kwa moyo. Katika historia ya kiti kile hakuna aliyewahi kusoma karatasi kabla ya kuigonga, na desturi ile mbovu ilikuwa imeweza kusogea kwa sababu hiyo hiyo, kwamba hakuna aliyeijali. Yeye alijali. Alisoma beti zote nne, akaona jinsi zilivyosimama zenyewe bila mkono wa mtu, akautazama ule muhuri mchafu wa wino, na moyo wake ukakataa.

"Siwezi, dada," alisema.

Bi Mwanakheri alidhani hakusikia vizuri, akasogeza sikio.

"Mimi ni nani hata nikupe ruhusa ya kumlilia mama yako? Nikigonga hapa nimekubali kwamba ilikuwa yangu kuitoa. Wimbo ni wako. Mtu hapewi ruhusa ya kilicho chake. Nenda ukaimbe."

"Wapigaji hawatapiga bila muhuri."

"Waambie humu ndani hakuna mtu."

"Wewe umo," Bi Mwanakheri alisema. Sauti ilikuwa imebaki nyuzi mbili tatu, akazitumia polepole. "Gonga tu, Lukindo. Sikuombi uniamini. Gonga kama unavyomfungulia mtu mlango. Ukishagonga niambie hayo yote, nitakusikiliza."

Alimweleza tena. Alimweleza vizuri zaidi, kwa mifano, na akiwa anaeleza alijisikia msafi, mwepesi, kama mtu aliyekoga baada ya safari ndefu. Alimwambia kwamba anamheshimu kuliko wote waliogonga bila kusoma. Alimwambia siku moja watu watakumbuka kwamba palikuwa na mtu mmoja aliyeketi hapa asigonge. Mfukoni mwake, upande wa moyo, makala yake ilikuwa imekunjwa na muhuri wa Pazi haujakauka. Wala hakuukumbuka.

Bi Mwanakheri alimtazama mpaka alipomaliza. Kisha akaichukua karatasi yake, akaifuta vumbi lisilokuwapo, akaenda kushika nafasi mwisho wa foleni.

*

Baada yake alikuja mtu wa mluzi. Lukindo alimweleza kwamba mluzi ni wake. Akaja wa mlango wa rangi ya zambarau, akaelezwa. Akaja mama aliyetaka kumpa mtoto jina jipya, na mtoto mwenyewe alikwishaota ndevu, wakaelezwa wote wawili. Wa kwanza walibishana naye. Waliofuata walipiga magoti. Waliofuata hao waliweka karatasi tu, wakangoja ainue kichwa, wakaichukua. Hakugonga hata moja. Na kwa kuwa hakugonga, hakutoka.

Kukataa ni kazi nyepesi, haina hata wino. Foleni ilikwenda mbio namna ambayo haijapata kwenda. Na kwa kuwa siku za mji ule zilihesabiwa kwa hatua, siku nazo zikakimbia. Watu walipata mvi kati ya kona na dirisha, mahindi yalikauka kabla ya kubeba, mtu aliamkia "habari za asubuhi" akajibiwa "za jioni". Waliokataliwa walirudi mwisho, mwisho ukalizunguka jengo, ukakutana na mwanzo. Mji wote ukawa duara. Hapakuwa tena na aliyetokea mlango wa nyuma.

Ndani ya chumba baridi iliingia, akajifunika koti. Alijifunika tu, hakulivaa. Lakini mikono ina tabia zake, siku moja aliikuta imeingia yenyewe kwenye mikono ya koti, na koti lilimkaa. Kukaa kukamletea tumbo. Jino la kushoto likaoza, na mtu mmoja aliyetaka kibali cha uganga wa meno alimtilia la shaba kwa kumlainisha, likang'aa kama dhahabu. Hakumgongea. Alipouhamisha muhuri ili kuweka kikombe, wino ulimkolea doleni.

Nje, vijana walianza kuandika juu yake. Gazeti halikuchapwa, basi waliandika ukutani, na maandishi yalikuwa na nguvu, yenye vichekesho na nyimbo ndani yake. Walimwita Mkubwa. Waliandika kwamba wazee wao waliwasimulia zamani juu ya tumbo lake na jino lake, na kwamba ndiye aliyekuwapo tangu mwanzo. Mmoja aliandika kwamba mtu ni wake mwenyewe. Lukindo aliyasoma kupitia kioo cha dirisha, akaona kijana yule ana kipaji. Alitamani amwite amwambie. Amwambie nini? Kwamba mimi ndimi wewe? Kwamba humu sikuingia kutawala, nimekaa tu, nimekataa tu, mkono wangu haujamgusa mtu? Ni kweli kabisa. Hakuna karatasi hata moja duniani yenye uonevu wa Lukindo juu yake. Zote zilitoka kwake nyeupe.

Ilipotimia idadi ya watu elfu na mia mbili, karatasi moja iliyochakaa kwenye mikunjo ilipita chini ya kioo, naye akauona mwandiko kabla ya kuona mtu.

Bi Mwanakheri alikuwa amesinyaa, amekuwa mdogo. Shingoni alifunga kitambaa. Hakuomba. Aliweka tu karatasi mahali pake, kama alivyoiweka mwanzo, akangoja.

"Shikamoo, dada," Lukindo alisema.

Midomo yake ilijibu. Hakuna kilichotoka.

Basi akafahamu, na alichofahamu hakikuwa na falsafa ndani yake. Alikuwa na mlango mkononi, akahubiri juu ya milango. Mama mmoja asiyesoma aliacha mlango wazi miaka kumi na mmoja bila kumuuliza mtu unaruhusiwa na nani, na yeye, pamoja na vitabu vyake vyote, alishindwa kuusukuma mmoja kwa muda wa kumeza mate. Alilia. Akaushika muhuri kwa mikono miwili, akaugonga. Ulilia gon, na duara zima nje likanyamaza kusikiliza.

Bi Mwanakheri aliisoma karatasi yake, akaikunja. Alizunguka akaingia ndani. Alimsaidia kulivua koti, maana lilimganda, kisha akalivaa mwenyewe kwa kuwa alikuwa na baridi, akaketi, akamgongea mtu wa mluzi bila kusoma. Watu wakashangilia kwamba kumekucha.

*

Makala ilichapwa. Muhuri wa Pazi ulikuwa bado unafaa. "Mwacheni Aimbe" ilitoka ukurasa wa mbele siku ile ile ya onyesho, na mji wote ukaisoma, wakaisifu, wakasema ndiyo maana ya uandishi. Ukumbini watu walikuja nayo wameikunja mkononi. Walioketi karibu na Lukindo walijisogeza kando kidogo, wakinong'onezana kwamba mzee huyu mbona anafanana na Mkubwa.

Ilikuwa alasiri, jua limeingia kwa madirisha mpaka jukwaani. Wapigaji waliukagua muhuri, mmoja baada ya mwingine, wakaridhika. Bi Mwanakheri alisimama katikati amevaa gauni la kijani, karatasi yake ameibana kifuani kwa pini. Fidla ikaanza, udi ukaipokea, dumbaki likaingia polepole. Wanawake wakainuka kwenye viti vyao na pesa za tuzo mkononi, wakaanza kuyumba kuelekea jukwaani, kama inavyofanywa tangu zamani neno linapomgusa mtu.

Bi Mwanakheri akafungua mdomo. Ilitoka pumzi.

Wapigaji walirudi mwanzo, wakamngoja. Akafungua tena. Wanawake wenye tuzo walisimama katikati ya ukumbi, hawajui waende mbele au warudi, maana hapakuwa na neno la kutunza. Maneno yalikuwapo. Yalikuwa mikononi mwa kila mtu, yamechapwa kwenye gazeti, beti zote nne. Ukumbi mzima ungeweza kumpokelea wimbo. Wengine walikuwa wanayasoma kwa macho, midomo ikicheza. Lakini kibali kilikuwa na jina moja, na kila mmoja alimtazama mwenzake, kisha akatazama chini.

Bi Mwanakheri hakuwatazama wao. Alimtazama Lukindo. Alimtazama bila hasira, kama alivyomtazama foleni nzima, uso kwa uso. Fidla ikarudi mwanzo mara ya tatu. Lukindo alikuwa anaujua wimbo ule kuliko jina lake. Alisimama. Watu wakageuka. Mama hukufunga lango, alisema moyoni, na kifua chake kikajaa, na mdomo ukafunguka. Mpigaji wa dumbaki alimwona, akapunguza mkono ili ampe nafasi.

Nafasi ilikuja, ikapita. Wapigaji wakamaliza wenyewe, wakashusha vyombo. Lukindo alikuwa bado amesimama, mdomo wazi, na mkono wake wa kulia ulikuwa mfukoni, ukitafuta karatasi yenye muhuri.